Kilo Kumi za Shangazi Auleria

Mwezi wa Mei mwaka 1989, daktari wa hospitali ya misheni alimwambia shangazi yangu Auleria kwamba amenenepa. Shangazi akatabasamu, akashika kanga yake vizuri.

"Asante sana, Daktari," akasema.

"Sikusifu, Mama," daktari akajibu. "Nakuonya."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi karibu na mlango, nikiwa nimeshika mwavuli wake. Jina langu ni Placidia. Niliacha shule nikiwa darasa la tano, mama yangu alipofariki, na shangazi akanichukua kutoka Mabira nikaishi naye Nyakakika. Kila alikokwenda nilikwenda naye, na mara nyingi watu walisahau kwamba nipo.

Daktari alimgusa shingoni. Rovu lake lilikuwa limefika ukubwa wa parachichi, nalo lilikuwa linabana njia ya hewa. Kwa miezi mingi shangazi alikuwa halali chini. Alikaa kitandani ameegemea ukuta, na usingizi ukimpitia pumzi ilikatika, halafu ikarudi kwa kishindo kama mguu unaochomolewa kwenye tope. Nililala chumba kimoja naye. Kila pumzi ilipokatika nilihesabu. Siku nyingine nilifika kumi na mbili.

"Hili lazima likatwe," daktari akasema. "Lakini una kilo tisini na saba, na presha yako iko juu. Nikikupa dawa ya usingizi hivi ulivyo, naweza nisikuamshe. Daktari wa upasuaji anakuja Septemba. Njoo ukiwa na kilo themanini na saba. Ukishindwa, utangoja aje tena mwakani."

Tulipotoka nje shangazi aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwakani nitafika?"

Nilimfungulia mwavuli, tukashika njia.

Jioni ile majirani wawili walikuja kuuliza habari za hospitali. Mmoja alikuwa Protase, aliyepigana vita vya Kagera akiwa mgambo, na ambaye hakukubali mtu asahau. Mwingine alikuwa Mukantabana, mwanamke aliyekuja kutoka Rwanda akiwa mtoto mgongoni. Alikuwa akilima vibarua kwa watu, na mashamba yetu pia alilima yeye.

"Dawa ni kutembea, Mama Egbert," Protase akasema. Egbert ni mtoto wa shangazi, yuko Mwanza. "Vitani sisi tulitembea tangu Kyaka mpaka ng'ambo ya mpaka. Nilikwenda na tumbo, nikarudi mkanda unanizunguka mara mbili."

"Wewe ulikondeshwa na njaa na woga," Mukantabana akasema. "Usiisingizie miguu."

Shangazi akacheka mpaka akakohoa.

"Mtu anapunguzwa na kazi nzito," Mukantabana akaendelea. "Jembe, mawe, mzigo wa kichwani. Umewahi kuona kibarua wa jembe ana kitambi?"

"Na wewe umewahi kuona tarishi mnene?"

"Yule wa tarafa."

"Yule ana baiskeli!"

"Basi sikiliza. Mtu akitembea, akikaa tu amemaliza. Mimi nikishalima, mwili unabaki na moto mpaka jioni, kama mafiga ambayo kuni zimeshatolewa. Huo moto unakula nini? Unakula mafuta."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho shangazi akachagua kutembea. Hakusema sababu mbele yao, lakini mimi aliniambia baadaye. Mukantabana alikuwa kibarua wake. Shangazi akionekana shambani bega kwa bega naye, ameshika jembe, watu wangesema Egbert ameacha kumtunza mama yake.

Basi tukaanza. Kila asubuhi, umande ukishakauka, tulitoka nyumbani tukafuata njia ya migombani mpaka kanisa la kigango, kijiji cha pili, halafu tukarudi. Karibu saa mbili, na njia yote ni kupanda na kushuka. Shangazi alikwenda mbele, mimi nyuma na mwavuli. Alijitahidi kwelikweli. Mara nyingine alisimama ameshika mgomba, akahema, akasema twende.

Lakini njia ile ilipita kwenye miji, yaani maskani ya watu. Na kwetu huwezi kupita mlangoni kwa mtu bila kumsalimu. Atajiuliza amekukosea nini. Ukishasalimu utakaribishwa, na ukikaribishwa utapewa kitu. Kukikataa ni kumtukana.

Mji wa kwanza ulikuwa wa Mama Kokwijuka, rafiki yake tangu ujana. Huyo alikamua ndizi mbivu karibu kila wiki, na muramba wake, maji ya ndizi yasiyochachushwa, ulikuwa mtamu hadi nyuki walikuja kuuangalia. Alimpa shangazi vikombe viwili. Kwa mzee Gaspari tulikuta maziwa, kibuyu kizima. Kwa katekista, muramba tena. Wakati wa kurudi tulipita kwa wale wale, maana kupita kimya wakati wa kurudi ni vibaya zaidi. Habari zilipoenea kwamba Mama Egbert anatembezwa na daktari kama adhabu, watu walimhurumia, na vibuyu vikaongezeka ukubwa.

Tukifika nyumbani shangazi aliketi, akavua viatu, akasema kwa fahari, "Leo tangu asubuhi sijala kitu."

Hakudanganya. Mchana alikula ndizi nusu sahani na maharage kidogo, basi. Lakini yeye alilelewa hivyo. Kabla ya arusi yake walimfungia ndani miezi minne wakimnywesha maziwa ili awe bibi arusi wa kutazamwa, na alipotolewa alipita mlangoni kwa ubavu. Kwake yeye chakula ni kile kinachotafunwa. Maziwa na muramba ni vinywaji. Baada ya vibuyu viwili ukimuuliza kama ameshiba atakuambia hajala.

Mimi niliona. Nilihesabu vikombe kama nilivyohesabu pumzi. Lakini ningesema nini? Nilikuwa msichana ambaye katika miji ile yote hakuna aliyewahi kusikia kwangu neno zaidi ya shikamoo.

Mwishoni mwa Juni tulirudi hospitali kupimwa. Kwenye mizani alikuwepo Sista Anonciata, muuguzi, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kuona kila kitu. Shangazi alipanda akiwa anatabasamu. Sista alisogeza chuma, akakirudisha, akakisogeza tena.

"Shuka, Mama. Panda tena."

Akapanda tena.

"Tisini na tisa," Sista akasema.

Shangazi alishuka akakaa kwenye kiti. Machozi yakaanza kutoka bila sauti, yakipita juu ya lile rovu.

"Miguu yangu ina malengelenge, Sista. Natembea kila siku, hata Jumapili. Na chakula sili. Muulize huyu mtoto."

Sista akanigeukia. Sikumbuki mtu mkubwa kunitazama kwa muda mrefu namna ile.

"Kweli hali?"

Niliangalia sakafu. Nilijua nikisema ndiyo tutarudi nyumbani, Protase atamwambia aongeze mwendo, mwendo utaongeza miji, na Septemba itafika. Nilijua pia nikisema lile jingine nitakuwa nimemwaibisha mtu aliyenilea.

"Hali, Sista," nikasema. "Anakunywa."

"Anakunywa pombe?"

"Hapana! Muramba. Na maziwa."

"Kiasi gani?"

Nikamtajia. Kwa Mama Kokwijuka viwili kwenda, kimoja kurudi. Kwa mzee Gaspari kibuyu. Kwa katekista, nikataja. Sista akainuka. Alichukua jagi la maji lililokuwa pale chumbani, akaanza kumimina kwenye ndoo tupu kila nilichotaja. Alipomaliza, ndoo ilikuwa imefika karibu nusu.

Shangazi akaitazama ndoo. "Lakini hicho si chakula," akasema. "Hayo ni maziwa."

"Mama, ndama ananenepa kwa kula nini? Kwa ndizi?"

Shangazi akaitazama ndoo tena.

"Na wewe walipokufungia ndani kabla ya arusi, kama ilivyo desturi ya huku, walikunenepesha kwa kitu gani?"

Shangazi akafuta mashavu kwa ncha ya kanga.

"Kwa maziwa," shangazi akasema, polepole sana.

Sista akavuta kiti. Hakumcheka. Alimweleza kwamba kutembea ni kuzuri na asiache, lakini mafuta anayochoma kwa saa mbili za milima yanarudishwa na vikombe vitatu tu vya muramba kabla hajavua viatu. Akasema kazi nzito nayo inachoma, na tena inajenga nyama ngumu, na mwili wenye nyama ngumu unatumia chakula kingi hata ukiwa umekaa. "Fanya vyote viwili," akasema. "Lakini tembea njia isiyo na nyumba."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Shangazi alitangulia kwa mwendo wa haraka. Nilitembea nyuma yake nikiangalia visigino vyake. Tulipoanza kuona migomba yetu akasema bila kugeuka:

"Kumbe ulikuwa unahesabu."

"Nisamehe, Shangazi."

"Kwa nini hukuniambia mimi kwanza?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi, Sista hukumwogopa?"

"Niliogopa Septemba zaidi."

Akasimama. Nilidhani atanipiga, ingawa hakuwahi kunipiga. Alinyoosha mkono akachukua mwavuli kutoka kwangu, akaubeba mwenyewe mpaka nyumbani. Mlangoni akasema, "Mwambie Mukantabana kesho asianze yale mashimo peke yake."

Yale yalikuwa mashimo ya migomba mipya, chini ya nyumba. Siku ya kwanza shangazi alichimba mpaka kufika kwenye kifundo cha mguu, akakaa ukingoni.

"Hilo ni shimo, Mama Egbert," Mukantabana akauliza, "au kuku anataka kutaga?"

Nilishika mdomo. Shangazi alimtazama kibarua wake kwa jicho kali, halafu akaangua kicheko, na kuanzia siku ile sijawahi kumsikia akimwita tena "yule kibarua". Alimwita kwa jina lake.

Mukantabana alikuwa na utaratibu wake. Majembe kumi, simama, pumua. Pumzi ikirudi, mengine kumi. Hakumruhusu kuzidisha, kwa sababu ya rovu. Mawe yaliyotoka shimoni tuliyabeba mpaka mwisho wa shamba, na alimfundisha kukunja magoti, si mgongo. Samadi tuliibeba kwa tenga. Wiki ya kwanza usiku shangazi aliugulia mabega kama mtu aliyeanguka. Wiki ya tatu alimaliza shimo zima peke yake kwa asubuhi moja, akasimama ndani yake, ameegemea mpini, akaniita nije nione.

Alasiri tulitembea, lakini sasa tulikwenda rweya, kule kwenye nyasi tupu ambako hakuna mji. Ng'ombe tu, na upepo. Siku moja mchungaji wa ng'ombe alituona akainua kibuyu chake juu, akaita, "Mama, karibu maziwa!" Shangazi alimshukuru kwa sauti kubwa, akashika kanga kwa mikono miwili, akakimbia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona shangazi akikimbia. Mchungaji naye akabaki amesimama, kibuyu kiko hewani.

Mwisho wa Julai alikuwa na kilo tisini na tano. Katikati ya Agosti magauni yalianza kumlegea. Aliniambia nimguse mkono juu ya kiwiko, nikaukuta mgumu kama shina la mbuni.

Ndipo Mama Kokwijuka alipoanza kusema.

Aliumia, nadhani. Rafiki yake wa miaka thelathini haingii tena kwake, hapiti hata njia yake. Akawaambia wanawake wa kwaya, "Auleria anajificha. Mmemwona shingo? Rovu limebaki peke yake. Mjane, anakonda, haingii kwa watu. Mimi sisemi kitu."

Lakini alikuwa amesema. Miaka ile kwetu tulikuwa tunazika karibu kila wiki, na UKIMWI ulianza hivyo hivyo, gauni kulegea. Jumapili ile kanisani benchi la shangazi lilibaki na nafasi mbili kulia na mbili kushoto.

Aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja akachukua kibuyu cha maziwa, akakaa nacho mapajani.

"Nitakunywa," akasema. "Heri nife na rovu langu kuliko kuzikwa nikiwa natembea."

"Shangazi, Sista amesema bado kilo tatu tu," nikasema.

"Kilo tatu! Wewe hukuona lile benchi?"

Nilikimbia kumwita Mukantabana. Alikuja na mikono yake ya udongo, akasimama mlangoni.

"Kunywa, Mama Egbert, maziwa ni yako," akasema. "Lakini kesho ni siku ya kupeleka kahawa. Mgonjwa habebi gunia. Beba lako mwenyewe, halafu urudi unywe."

Shangazi alikiangalia kibuyu. Kisha akanipa kibuyu nikirudishe mahali pake.

Kesho yake chama cha msingi kilijaa watu. Mama Kokwijuka alikuwa kwenye foleni na gunia lake, na wanawake wa kwaya karibu naye. Protase alikuwa ametuletea gunia letu la kahawa ya maganda, ambayo bado haijakobolewa, kwa baiskeli. Zamu yetu ilipofika vijana wawili wakaja kulishusha.

"Liacheni," shangazi akasema.

Akakunja magoti. Akalikumbatia lile gunia kama mtu anayemkumbatia mtoto mkubwa aliyelala, akasimama nalo, akalipandisha begani. Alitembea hatua kama ishirini, akalitua juu ya mizani taratibu, bila kulitupa.

"Kilo arobaini na tatu," karani akasoma.

"Mgambo hoyee!" Protase akapiga kelele, na watu wakacheka, cheko lile la watu waliokuwa wameshikilia kitu wakakiachia.

Shangazi alikuwa anahema, lakini alisimama wima. Gunia lilipoondolewa akapanda yeye. "Karani, nipime na mimi."

"Daraja la ngapi, Mama?"

"Andika maganda. Ndani utaona mwenyewe."

"Tisini kamili!" karani akasema, na kicheko kikarudi tena, safari hii hata kutoka kwa wanawake wa kwaya.

Shangazi akashuka akaenda mpaka kwa Mama Kokwijuka. Nilifikiri watagombana.

"Sijakususa," shangazi akasema. "Hospitali imenikataza muramba mpaka nikatwe hili rovu. Na muramba wako nikiuona siwezi kuukataa, ndiyo maana nakimbia njia yako."

Mama Kokwijuka aliangalia chini. "Si ungeniambia tu, dada. Nilijua nimekukosea, nikakosa usingizi."

"Nakuambia sasa."

"Basi pita unywe hata maji."

"Maji nitakunywa."

Alikunywa kweli, maji matupu, kwenye kile kikombe cha siku zote. Na maneno yakaisha. Mama Kokwijuka mwenyewe ndiye aliyeyazima, akipita kila mji akieleza habari za lile gunia, ambalo kila alipoeleza liliongezeka kilo.

Daktari wa upasuaji alifika wiki ya pili ya Septemba. Alikuwa mzee mfupi wa miwani, haongei sana. Sista Anonciata alimpandisha shangazi kwenye mizani mbele yake. Chuma kikasogea, kikatulia.

"Themanini na nane," Sista akasema. Sauti yake iliteremka.

Imezidi kilo moja. Shangazi akavua kilemba. Akavua kandambili. Akavua rozari shingoni akanipa mimi. Chuma hakikusogea.

Mzee yule alimkalisha kwenye kiti. Alimfunga mkono kwa kipimo cha presha, akapima mara mbili. Akamwambia atembee haraka mpaka mwisho wa ujia na kurudi, halafu akasikiliza kifua chake. Akashika mkono wa shangazi juu ya kiwiko, pale pale nilipoushika mimi, akaubonyeza.

"Unafanya kazi gani, Mama?"

"Nachimba mashimo ya migomba."

"Tangu lini?"

"Tangu Julai."

Akageukia karatasi zake. "Presha ni nzuri. Mapafu ni mazuri. Kwa kilo moja sitagombana na mtu anayechimba mashimo. Mwandike Alhamisi, wa kwanza."

Shangazi alinitazama kama mtu asiyeelewa Kiswahili. Ikabidi nimwambie kwa Kinyambo, lugha yetu. Nilimwambia mara mbili, kwa sauti ambayo watu wa benchi la nje waliisikia.

Alhamisi alipoingizwa ndani nilikaa nje kwenye majani, karibu na ukuta wa jikoni la wagonjwa. Mukantabana alikuja asubuhi akakaa nami, halafu akaondoka, maana alikuwa na shamba la mtu. Jua lilipanda. Nilijaribu kusali, maneno yakanichanganyika, nikaanza upya, nikaacha.

Sista Anonciata alitoka mchana, mikono ya gauni imekunjwa mpaka viwiko.

"Placidia. Kazi imekwisha. Ameamka, amenishika mkono."

"Anapumua?"

"Njoo usikie."

Alikuwa amelala chali kwenye mto mmoja, shingo imefungwa bandeji nyeupe. Nilisimama kando ya kitanda. Pumzi iliingia, ikatoka. Ikaingia, ikatoka. Haikuwa na sauti yoyote. Nilisubiri ikatike, haikukatika, na baada ya muda nikagundua kwamba sihesabu.

"Atalala mpaka jioni," Sista akasema. "Wewe tangu asubuhi umekula nini?"

Nilitaka kumwambia sina njaa. Lakini tumbo likajibu kwa sauti mbele yake, akacheka, nami nikacheka. Nikatoka mpaka kwa yule mama anayeuza chakula nje ya lango, nikaagiza ndizi na maharage, na nilipomaliza nikaagiza sahani nyingine.